Madereva wetu wa malori Marekani, hangaikeni na antena kabla ya redio

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini maana najua madereva wengi tulioko huku Marekani, Wakenya, Watanzania, Wakongo, tunawasoma kwenye simu tukiwa tumepaki tunasubiri mzigo. Nataka kuongea na hao wenzangu kuhusu redio ya CB, ile ya madereva kuongea wenyewe kwa wenyewe barabarani, hasa antena yake, kwasababu naona vijana wanaingia barabarani na redio ya bei kubwa alafu antena imefungwa ilimradi, na msimu wa theluji ndo huo unakuja.

Wapo wanaosema CB imepitwa na wakati, simu zipo na ramani zipo. Sawa, lakini ukiwa I-80 kule Wyoming kati ya Laramie na Rawlins, upepo unapeperusha theluji mpaka boneti yako mwenyewe huioni, wa kwanza kukwambia njia imeziba ni dereva aliyeko mbele anapiga kelele chaneli 19, ile ya madereva wa malori, na usipomsikia unaenda kuingia kwenye mabati ya wenzio na mzigo wako wote mgongoni.

Sasa jamani sheria ya huku kwenye AM inaruhusu wati 4 tu, awe mwenye redio ya kawaida awe mwenye ile inayowaka taa za kila rangi, wote wati 4, na zile mashine za kuongeza nguvu ni kosa kisheria. Kwahiyo anayesikika mbali ni aliyefunga antena vizuri basi. CB inatumia megahezi 27 hivi, wimbi lake lina urefu kama mita 11, robo yake ni karibu mita 2.7 na ndo urefu ambao antena ingependa kuwa nao ila juu ya lori haiwezekani, lori lenyewe lina kimo cha futi 13 na nusu utaivunja daraja la kwanza tu. Ndo maana zinazouzwa ni fupi zimezungushiwa koili. Chukua ndefu kadri kimo kinavyoruhusu, hizi za futi 2 mnazopenda ni pambo, na koili ikae juu ya paa la kabini, ikijificha ubavuni mawimbi yanaishia kwenye bodi ya gari lako.

Kuhusu kufunga mbili, moja kila saiti mira, zinasaidia mbele na nyuma kama zimeachana karibu hizo mita 2.7, kwenye pikapu hazifiki huko kwahiyo funga moja. Na waya wake sio ule wa antena moja, ya moja ni omu 50, za mbili zina waya wake pacha wa omu 75, usiunge unge mwenyewe.

Panapowaangusha wengi ni aithi, yaani antena kushikana na chuma cha gari. Vichwa vya siku hizi kabini ni alumini au faiba, sumaku haishiki, na braketi ya saiti mira unakuta imekaa kwenye plastiki au rangi nene, antena haina bati la kuegemea hata kidogo. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, vuta waya mnene mfupi kutoka kwenye braketi mpaka chesisi, funga nati ikaze. Kama gari halina bati kabisa zipo antena zilizotengenezwa kwa gari la namna hiyo, zinakuja na waya wake, usibadilishe. Na waya usipite mahali unabanwa na mlango kila ukifunga, ukipondeka ndani umeharibu kila kitu na kwa nje huoni.

Alafu upime SWR, yaani namba inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena, nawaomba sana hili msiliruke. Nenda mahali pa wazi mbali na majengo na malori mengine, funga milango, pima chaneli 1 ya mwanzo na chaneli 40 ya mwisho. Ya 40 ikiwa juu kuliko ya 1 antena ni ndefu, ipunguze kidogo, ikiwa kinyume basi ni fupi. Chini ya 1.5 ni safi kabisa, chini ya 2 unaenda, ikizidi 3 usibonyeze maiki maana unaunguza redio, na ikiwa juu chaneli zote rudi kwenye aithi na waya kabla hujagusa urefu.

Nyie ndugu zetu wenye malori yenu mnaoajiri vijana waliofika juzi, kipimo cha SWR ni kitu cha bei ndogo, kimoja kinatosha malori yenu yote. Leseni ya CB haitakiwi huku tangu 1983, kwahiyo hakuna karatasi ya kusubiri. Mkague kila lori kabla hamjampa kijana mzigo wa kupita Wyoming Januari.

Dereva msomaji wenu,
Columbus, Ohio