Shukrani kwa mama wa stendi ya Moshi
Ninakushukuru hadharani, mama ambaye sikuuliza jina lako, uliyeahirisha safari yako ya Arusha pale stendi kuu ya Moshi ili unisaidie kumfikisha baba yangu hospitalini, ukamshika mkono kwenye daladala na kukaa nasi hadi alipoitwa kwa daktari, wala hukukubali nikurudishie hata nauli. Kwa miaka mingi sala zangu zilijaa haja zangu mwenyewe: ada, kiwanja, afya yangu. Mtume Paulo, katika Wafilipi 2:4, anamtaka kila mmoja aangalie pia mambo ya wengine, nami niliusoma mstari huo mara nyingi bila kuona kwamba ulikuwa unanidai muda wangu. Sasa, kila Jumatano jioni, ninampelekea mtori jirani yangu mgonjwa, na ninamwombea kabla ya kujiombea.