Nimekwama daraja la 12, na mdogo wangu amenipita

Jambo Yaya,

(Nakuita yaya kwa maana ya huku kwetu Lubumbashi, yaani mkubwa wangu. Wasomaji wa Dar na Mombasa wasije wakadhani natafuta mlezi wa watoto.)

Nina miaka 23, nauza ma-unite (salio la simu) kwenye kabini, yaani kibanda, hapa Katuba. Shida yangu ni ya kuchekwa, na mama ameshacheka kwa niaba ya wote, kwa hiyo hatua hiyo tuiruke. Ni mchezo wa telefone. Unaijua ile michezo ya muziki ambayo vigae vinashuka kwenye mistari minne, na wewe unavigonga vikifika chini, sawasawa na pigo la wimbo? Ukigonga pale pale unapata alama kamili. Ukiwahi au ukichelewa kidogo unapewa kipande. Ukikosa, kombo yako yote, yaani hesabu ya vigae ulivyogonga mfululizo, inarudi sifuri, hata kama ulishafika 400.

Kwenye kabini yetu tuko vijana sita tunaoucheza, na matokeo tunayaandika kwa kalamu ya bik kwenye karatoni iliyobandikwa ubavuni. Nilianza mwezi wa pili. Kufika Pasaka jina langu lilikuwa juu kabisa, na nisikudanganye, nililipenda pale lilipokuwa. Kila wiki nilikuwa napanda daraja la ugumu wa nyimbo. Mwezi wa tano nikaingia daraja la 12, nikapata 93 kwa mia. Sasa mijakaranda imeshachanua na kumwaga maua yake barabarani, na mimi bado niko daraja la 12, na bado ni 93. Siku nikilala vizuri, 94.

Usiniambie niongeze saa za mazoezi, maana niliziongeza. Mwezi wa saba, ile baridi yetu ya alfajiri ambayo watu wa pwani hawaamini kwamba Kongo inayo, nilikuwa naamka saa kumi na moja, natumbukiza mikono kwenye maji ya moto ya chai ya mama ili vidole vilainike, kisha nacheza mpaka saa moja. Nilichopata ni kifundo cha mkono kuuma.

Wala usiniambie niangalie sauti. Hilo nililigundua kwa hasara yangu. Nilinunua vile vipokea sauti visivyo na waya, nikajiona mtu, na wiki mbili nzima nikawa nakosa hata nyimbo za daraja la 8. Kumbe sauti ya bluetooth inafika sikioni imechelewa, na kwa vile vya bei ya chini inaweza kuchelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hebu fikiria: wimbo wenye mapigo 180 kwa dakika, vigae vinne kwa kila pigo, kigae na kigae vinapishana kwa milisekunde 83 tu. Kwa hiyo nilikuwa nasikia kigae ambacho kimeshapita na kingine kiko nyuma yake. Nikarudi kwenye waya, nikaingia sehemu ya kupimia ucheleweshaji, nikasawazisha. Nikapanda kutoka shimoni nilikojitumbukiza mwenyewe hadi pale pale: 93.

Nilijaribu pia kushika wimbo mmoja na kuurudia. Niliurudia mara 60 na kitu. Ukanitii, nikapata 98, nikaandika kwenye karatoni kwa herufi kubwa. Kesho yake wenzangu wakaniwekea wimbo mwingine wa daraja lile lile ambao sijawahi kuuona. Nikapata 86. Karatoni haifutiki, Yaya. Zile herufi kubwa bado zipo, na 86 iko chini yake.

Sasa nikueleze kinachonichoma.

Nina mdogo wangu wa miaka 14, yuko shule ya sekondari. Hana telefone. Jumamosi mchana namwachia yangu wakati nakula bukari (ugali wetu), basi, saa moja au moja na nusu. Yeye haishiki mkononi. Anailaza juu ya meza, chini yake anaweka kipande cha kandambili iliyokatika ili isiteleze, anakunja mgongo kama fundi saa, anacheza kwa vidole vya shahada na vya kati, vinne kwa jumla, kila kidole na mstari wake. Mimi nacheza kwa vidole gumba viwili, telefone iko hewani, kama wacheza wote wa kabini. Tulikuwa tunamcheka. Mwezi wa tisa akacheza daraja la 12, wimbo mpya, akapata 97. Akanirudishia telefone, akanawa mikono, akaenda kucheza mpira. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Nikamuuliza baada ya siku mbili, kwa sauti ya mtu asiyejali, anaonaje ninavyocheza. Akasema, «Yaya, unakimbiaka.» Yaani huwa naukimbia wimbo.

Nilikataa. Nikatafuta ushahidi wa kumshinda, ndipo nikampata binamu yetu anayesoma saikolojia kwenye Chuo Kikuu hapa mjini. Kompyuta yake ina osu!, ule mchezo wa bure ambao Dean Herbert wa Australia aliutoa mwaka 2007, na una sehemu ya vitufe vinne inayofanana sana na mchezo wetu. Uzuri wake ni kwamba mwisho wa wimbo unakupa hesabu: umegonga mapema kwa milisekunde ngapi, umechelewa kwa ngapi, na ugongaji wako umetawanyika kiasi gani. Tukachagua wimbo wa polepole ili kibodi isiwe kisingizio. Hesabu ya mtawanyiko wangu ikaandika 231. Binamu akanieleza kwamba unaigawa kwa kumi, basi ugongaji wangu unayumba kwa milisekunde 23 hivi. Ya mdogo wangu: 148. Mbaya zaidi ni kwamba mara nyingi nilikuwa nagonga upande wa mapema, kwa wastani wa milisekunde 17. Ni muda wa picha moja tu kwenye skrini inayobadilika mara 60 kwa sekunde, jicho haliwezi kuuona. Mtoto aliusikia.

Jioni ile nikaenda kwa mjomba, ambaye anapiga ngoma kanisani tangu sijazaliwa. Sikumwambia mambo ya milisekunde. Nilimwambia tu nataka kujua kama nina sikio. Akachukua kijiko, akaanza kugonga ukingo wa sahani ya bati, polepole sana, kama saa ya ukutani. Akasema nipige makofi pamoja naye huku naimba wimbo wa kwaya ninaoujua. Ubeti wa kwanza tukaenda sawa. Kwenye kiitikio nikaona kijiko chake kinachelewa, nikataka kumwambia amechoka. Akaacha kugonga, akanitazama: «Weye, unaisha kupita muziki!» Yaani nimeshaupita wimbo. Tukarudia mara nne. Mara nne niliukimbia wimbo mahali pale pale, pale unapopanda na moyo unapanda nao.

Nikajitetea kwa vidole. Nikamwambia kwamba mzee Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wetu aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Likasi mwaka 1952, wakati bado inaitwa Jadotville, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na dunia ikamsikiliza. Viwili vilimtosha. Mjomba akafikiri kidogo, akasema ni kweli, lakini Mwenda gitaa lake hakulibeba kwa vidole vile vile alivyopigia. Nikaitazama mikono yangu. Gumba langu la kulia linagonga mistari miwili na papo hapo linashikilia telefone isianguke. Vigae vikija kwa fujo, nakaza mikono ili nisiiangushe, na nikikaza, nawahi. Miezi yote hii nimekuwa nikifikiri mkono wangu ni mzito, kumbe una kazi mbili.

Binamu naye aliongeza lake, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Alisema kukwama kwa namna hii kulichunguzwa zamani sana, na si kwa michezo bali kwa watu wa telegrafu, ile ya kutuma herufi kwa milio kupitia waya. Wamarekani wawili, Bryan na Harter, walichapisha mwaka 1897 na 1899 habari za wanafunzi wa telegrafu waliokuwa wakipimwa wiki baada ya wiki. Kwenye kutuma ujumbe walipanda bila shida. Kwenye kupokea walipanda, wakasimama kwa muda mrefu kama wamegonga dari, kisha ghafla wakapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanafunzi anaanza kwa kusikia herufi moja moja. Anakuwa hodari wa herufi, lakini herufi zina kikomo chake. Anayevuka ni yule anayeanza kusikia neno zima kwa mpigo, halafu maneno kadhaa.

Babu yetu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo hadithi za telegrafu hazinipiti hivi hivi. Nikaanza kumchunguza mdogo wangu akicheza. Yeye amevipa vigae majina. Vikishuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, anasema «ngazi». Viwili vya pamoja ni «mapacha». Vikirudia mstari mmoja tatu tatu ni «nyundo». Anayataja chini kwa chini huku anacheza, ngazi, ngazi, mapacha, nyundo, na mikono inafuata. Mimi naona kigae, naona kigae, naona kigae. Mimi bado niko kwenye herufi.

Basi, Yaya, kwa nini nakuandikia wakati inaonekana jibu ninalo?

Kwa sababu nimejaribu kulifuata likanishinda. Nililaza telefone mezani, nikaazima hata kipande cha kandambili, nikacheza kwa vidole vinne siku nane. Nilianguka mpaka daraja la 7. Kidole changu cha kati cha kushoto hakina habari na dunia. Namwamuru, anakwenda jirani yake. Wenzangu wakaandika hiyo 7 kwenye karatoni na kuchora jeneza pembeni. Siku ya tisa nikarudi kwenye magumba, na sasa hata magumba yameharibika: 91, 90. Naona nimetoka kwa baba na kwa mama sijafika.

Na tarehe 27 Desemba tuna mashindano ya kufunga mwaka, kabini yetu dhidi ya kabini ya barabara ya pili. Si kitu kikubwa, kreti mbili za soda na maneno ya mwaka mzima. Lakini mimi ndiye niliyewachokoza mwezi wa nne, nilipokuwa juu. Wiki saba zimebaki.

Maswali yangu ni haya. Je, nibomoe sasa hivi, nijifunze vidole vinne na kukubali kudhalilika mwezi wa kumi na mbili? Au nicheze kwa magumba mpaka mashindano yapite, nikijizuia tu kukimbia, kisha nibomoe mwezi wa kwanza? Rafiki mmoja anasema nifanye vyote viwili, asubuhi hivi, jioni vile. Mimi naogopa hilo ndilo linalonivuruga, ila sina uhakika, huenda ni woga tu.

Pili, muda wangu ni mdogo. Telefone hii ndiyo ninayofanyia kazi, naitumia kutuma unite kutwa nzima, na umeme huku unakuja unapotaka. Betri ikishuka sana inaingia hali ya kubana chaji na vigae vinaanza kukwamakwama, kwa hiyo saa ya kweli ninayopata ni moja kwa siku. Niigaweje? Mjomba anataka nusu yake iwe makofi na kijiko, telefone imezimwa kabisa. Binamu anasema nishuke daraja la 8 na la 9, nicheze nyimbo nisizozijua, kila moja mara moja au mbili tu, ili jicho lijifunze kusoma badala ya kukariri. Wote wawili naona wana haki, lakini saa ni ile ile. Kama wewe au msomaji yeyote amewahi kubadilisha mkono, iwe kwenye mchezo, kinanda, gitaa au hata mashine ya kushona, aniambie ilimchukua muda gani kurudi pale alipokuwa.

Tatu ndilo gumu, na nimelichelewesha makusudi. Nyumbani kwetu mkubwa anamfundisha mdogo. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mtoto kufunga kamba za viatu, kuendesha baiskeli, kuhesabu kwa Kifaransa. Sijawahi kumwomba anifundishe kitu, na sijui mtu anaanzaje. Jumamosi atakuja kuchukua telefone kama kawaida, atailaza pale mezani. Kuna stuli upande wa pili wa meza. Nikae pale, au niende kula bukari yangu nje?

Kijana wa kabini,
Katuba, Lubumbashi