Barua kwa mwanangu, kabla ya Jumanne

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na dhumuni la barua hii unalijua. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu unasema "mama nimekuelewa", na bado sijasema kitu. Dada yako ataipiga picha karatasi hii akutumie. Isome umekaa, usiisome njiani.

Habari ya Jumanne ninayo. Dada yako usimgombeze, nimembana mimi mpaka akasema. Kwamba wewe na wenzako wanne mtapanda treni alfajiri mwende London, mjipange nje ya lile jengo la magazeti ya Murdoch, yule tajiri mwenye The Sun, pale London Bridge, na wakubwa wakitoka muwabandike usoni sahani za karatasi zilizojaa povu la kunyolea. Na mmechagua Jumanne kwa sababu hata ile ya 2011, Murdoch mwenyewe alipoendewa na povu bungeni, ilikuwa Jumanne. Mmoja apige video, wawili wapaze sauti, mmoja ashike mabegi. Mwenye sahani ni wewe, kwa kuwa una mbio.

Baba, mmekaa watu watano. Wanne wamezaliwa hukohuko, mmoja yupo kwa visa ya masomo. Sahani ikamwangukia mwenye visa. Mlipokuwa mnagawana kazi hukuliona hilo? Sisemi rafiki zako ni wabaya. Nasema wao wakikamatwa, mwisho wake watarudi kwao. Na wewe watakurudisha kwenu, na kwenu ni Tanga.

Ile video mnayotaka kuiiga nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, sikufichi. Mara ya pili niliitazama kama nilivyokuwa nikitazama ukurasa kabla haujakwenda mtamboni, polepole, kona kwa kona. Mzee Murdoch, wakati huo ana miaka 80, amekaa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza pamoja na mwanawe James. Wameshaulizwa kwa zaidi ya saa mbili. Gazeti lake la News of the World lilikuwa limefungwa siku tisa tu nyuma, baada ya kuishi miaka 168, kwa sababu watu wake waliingilia simu ya mtoto Milly Dowler, binti wa miaka 13 aliyeuawa mwaka 2002, wakasikiliza ujumbe ambao ndugu na rafiki zake walikuwa wakimwachia. Mzee anaulizwa, anakaa kimya, anatazama meza. Hajui hiki, hakuambiwa kile. Mle ndani hakuna mtu anayemhurumia.

Halafu yule kijana mwenye shati la mirabamiraba anatoka nyuma na sahani yake. Mke wa mzee, mwenye koti la waridi, anaruka na kumchapa kofi. Povu linaishia kwenye koti la mzee na usoni kwa polisi. Kikao kinasimama. Wanaporudi, mzee amevua koti, yuko na shati tu, na watu wanamtazama kwa jicho jingine kabisa. Hata mbunge Tom Watson, aliyekuwa akimbana kuliko wote, akamsifu mke kwa mkono wake wa kushoto. Umeona, mwanangu? Dakika moja nyuma alikuwa mtu anayedaiwa majibu. Sasa ni babu aliyeshambuliwa mbele ya mkewe. Na wazazi wa yule binti wakasahauliwa jioni ile. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya koti la waridi.

Kijana mwenyewe alihukumiwa wiki 6, rufaa ikazipunguza zikawa 4. Alikuwa Mwingereza, mchekeshaji, jina lake Jonathan. Aliingia jela akatoka, akarudi nyumbani kwake. Wewe jina lako ni la msikitini, picha yako ya pasipoti hutabasamu, na gazeti litakalokuandika kesho yake ni lilelile mlilokwenda kuligomea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siogopi polisi wa Uingereza kama ninavyoogopa kichwa cha habari. Polisi ataandika ulichofanya. Gazeti litaandika wewe ni nani, na halitakuuliza.

Wewe utasema naogopa kwa sababu ni mama. Naogopa kwa sababu nilifanya kazi magazetini.

Insha yako ya Hillsborough, ule uwanja wa mpira wa Sheffield, dada yako alinichapia nikaisoma yote, na kamusi mkononi. Nikamsomea na mjomba wako kwa Kiswahili, akanyamaza mpaka mwisho. Umeandika vizuri kuliko wengi niliowapangia kurasa miaka kumi na moja. Pale ulipoeleza kwamba watu 97 walikufa kutokana na kubanwa uwanjani Aprili 15, 1989, na siku nne baadaye The Sun ikaandika ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, UKWELI, na chini yake kwamba mashabiki wa Liverpool waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi, niliweka karatasi chini nikatoka nje. Kisha umeeleza jinsi gazeti lilivyokuja kuomba radhi ukurasa wa mbele mwaka 2012, miaka 23 baadaye, na jinsi baraza la mahakama lilivyoamua mwaka 2016 kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Nilijivuna, nasema kweli. Lakini Ijumaa mbili hukunipigia. Mtu anayeweza kuandika vile hashindwi kubonyeza namba ya mamake.

Na wewe unaishi katika mji huohuo wa Liverpool! Si wewe uliyenieleza kwamba mzee mwenye nyumba, siku unahamia, kabla hajakuonyesha hata bomba la maji ya moto, alikwambia gazeti lile lisivuke kizingiti chake? Si wewe uliyesema uliingia duka baada ya duka hukulikuta? Watu wale wamekataa kulinunua tangu 1989. Waliokuwa vijana ni wazee sasa, wajukuu wao nao hawalinunui. Hakuna aliyekamatwa kwa kutonunua gazeti. Tena ni wewe uliyenieleza habari za Fox News, televisheni ya Murdoch huko Marekani, kwamba Aprili 2023 walikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura, Dominion, dola milioni 787.5, kwa sababu ujumbe wao wenyewe wa simu ulifikishwa mahakamani, watangazaji wakikiri wao kwa wao kwamba yale waliyokuwa wakiyarusha hewani, ya mashine zile kuiba kura, hawayaamini. Kilichowafikia ni karatasi, baba. Mambo haya yote unayajua, umenifundisha wewe, na bado umeshika sahani.

Sasa kuna jambo naliweka hapa kwa kuwa nimeshaanza kuandika.

Unamkumbuka yule mama wa barabara ya pili kutoka kwetu Ngamiani, anayevuka upande wa pili akiniona naingia sokoni. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza kwa nini, nikakwambia tuligombana mambo ya upatu. Haikuwa upatu.

Nilipokuwa Dar es Salaam napanga kurasa, gazeti silitaji na wengi wa siku zile wameshatangulia, ililetwa picha ya vijana wamachinga wamekalishwa chini mbele ya kituo cha polisi. Wamekamatwa kwa kutandaza vitu njiani, basi. Maelezo ya picha niliyopewa yalisema "vijana waliokamatwa". Saa mbili usiku mkubwa wetu alitoka chumbani kwake, simu alikuwa ameiweka chini sasa hivi tu, akakata lile neno kwa penseli nyekundu akaandika juu yake "wezi sugu". Mwenye gazeti alikuwa na maduka mtaa ule, alitaka njia iwe wazi. Hayo niliyajua baadaye. Lakini wa pili kutoka kushoto nilimjua palepale. Alikuwa mtoto wa yule mama. Alikuja Dar na vitana na vioo vya mkononi, na ndiye aliyenibebea ndoo siku nahamia chumba changu.

Nilichapa. Herufi nane. Mtambo ulikuwa unasubiri, nilikuwa na mimba ya dada yako, na kodi ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa. Sikutoa neno, wala sikumwambia yeyote kwamba namjua.

Wiki tatu baadaye lilitoka sahihisho, ukurasa wa 11, chini ya matangazo ya vifo, ukubwa wa kiberiti. Nililipanga mimi. Niliambiwa nipunguze herufi, nikapunguza.

Mamake alitoka Tanga kwa basi, akaja ofisini na gazeti amelikunja mara nne kwenye kanga. Hakupiga kelele. Alilikunjua mezani kwa mkubwa wetu, akaweka kidole juu ya mwanawe, akasema, "Nionyesheni alichoiba." Akakaa. Alikaa tangu saa nne asubuhi hadi adhuhuri, na kila aliyeingia alimwambia hilohilo. Mkubwa wetu alitoka kwa mlango wa jikoni. Mtu yule ningemwona akimwagiwa rangi, angejipangusa, na kesho yake angeandika safu nzima juu ya wahuni walivyomvamia. Kile kidole kilimtoa ofisini kwake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nyuma ya kioo, nimeinama kwenye mashine, najifanya nina kazi.

Kwa hiyo usinieleze magazeti ni nini. Nenda London ukitaka, sikuzuii kusimama mbele ya jengo la mtu. Simama na karatasi yako. Andika majina ya wale 97, au andika swali moja ukae nalo. Lakini sahani mpe mwingine, au bora aiache kila mtu. Wakuandike umeshika karatasi, wasikuandike umeshika povu. Na ukikamatwa, Mungu aepushe, usitie saini kitu hujakisoma, na umwombe wakili kabla hujajibu, kwa adabu. Vaa lile sweta la kijivu, video zote unaonekana unatetemeka.

Huku mvua za vuli zimeanza vibaya. Bati la upande wa jikoni limeng'oka, tumeweka sufuria tatu. Fundi amekuja mara mbili, anataka alipwe yote kabla, nimemkatalia. Nusu sasa, nusu nikiona halivuji. Ile pesa uliyotuma sijaigusa, ni ya ada yako ya Januari na itakaa hapohapo. Usirudie kutuma. Machungwa ya Muheza mwaka huu bei imeanguka, mjomba wako kauza magunia kwa hasara na sasa hasemi na mtu, ukimpigia mwulize habari za mbuzi, usimwulize za shamba. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha. Shangazi yako wa Pangani mguu unaendelea vizuri, ameacha mkongojo ila ndani ya nyumba tu.

Dada yako amepata kazi ile ya muda, anatoka saa kumi na moja asubuhi. Alilia aliponiambia siri yako, kwa hiyo mtumie neno zuri.

Mama wa barabara ya pili mume wake alifariki wiki iliyopita. Nilikwenda mazikoni nikakaa nyuma ukumbini na wanawake wengine, nikasaidia kuosha vyombo. Siku ya tatu alipita akanikuta nimeshika sufuria la pilau, akasema, "Hilo lina mpini mbovu, angalia." Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu wewe hujazaliwa. Sikumjibu, koo lilikuwa limekauka. Alhamisi narudi kupanga arobaini, nitapeleka mchele kilo kumi na nazi. Nimelitafuta lile sahihisho, nimelipata ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vyenu vya kliniki. Sijui kama nilichukue au niliache. Wewe ndiye msomi wa mambo haya, nipigie uniambie. Nipigie Jumatatu usiku baada ya Isha, bando ninalo mpaka saa sita, simu nitakuwa nimeishika mkononi.

Mamako