Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu wa timu ya besiboli ya Baltimore Orioles: Kesho anaanza nani?

Baltimore, Maryland
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Baltimore Orioles,
Uwanja wa Camden Yards.

YAH: OMBI LA MRUSHAJI WA KUANZA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hujambo na Pasaka umeila salama. Sisi tuliokuwa jukwaa la juu jana tumeila kwa 24 kwa 2. Sijakosea kuandika. Cincinnati Reds pointi 24, sisi pointi 2, nyumbani kwetu, Jumapili ya Ufufuko.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini: kinajua kuomba radhi na kuitikia, kugomba hakijui. Binti yangu amekubali kukutafsiria ukihitaji. Isitoshe, Wakenya na Watanzania wa mji huu na vitongoji vyake tangu jana wananitumia vikatuni vya kunicheka kwenye simu, kwa hiyo na wao wasome.

Saa kumi alfajiri leo, nikiwa zamu, tulipata habari za kifo cha Baba Mtakatifu Fransisko. Najua basi kwamba duniani kuna msiba na kuna mchezo, na nilikusudia barua hii ingoje. Nimerudi nyumbani, nimejilaza, usingizi umegoma. Sasa ni saa nne asubuhi, naandika.

Nijitambulishe. Mimi ni mtu wa Morogoro, niko hapa tangu 2017, nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Besiboli nimefundishwa na mzee mmoja wa chumba cha mwisho kwenye korido, asiyejua usingizi ni nini. Mwanzoni nilikuwa naona wanaume wamesimama tu wanatema maganda ya alizeti. Yeye ndiye aliyeniambia nisimwangalie mwenye gongo (la kupigia, ndugu zangu, si lile la kunywa), nimwangalie anayemrushia mpira, kwa sababu mechi ni mali yake. Nikimpitia saa nane usiku haombi maji, haombi ageuzwe. Ana swali moja tu: "Kesho anaanza nani?"

Mheshimiwa, tangu msimu huu uanze swali hilo limenishinda.

Kwa wasiofuatilia: timu ya besiboli huwa na warushaji wa kuanza watano wanaopokezana zamu. Anayeanza ndiye anayetakiwa kubeba iningi (vipindi vya mchezo) 6 au 7 kati ya 9. Akitolewa mapema, wanaingia warushaji wa akiba kubeba mzigo usio wao, na uchovu wao wa leo unalipwa kesho na keshokutwa. Ni kama beki wa kati akipewa kadi nyekundu dakika ya 15. Mechi itaisha, lakini na miguu ya wenzake itakuwa imeisha.

Yule mzee ana majina manne anayoyataja kama mtu anayesali rozari: McNally, Cuellar, Dobson, Palmer. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hivyo anavihesabu kwa kuvigusa na dole gumba, kimoja kimoja, taratibu. Mwaka 1971 kila mmoja wa hao wanne alishinda mechi zisizopungua 20. Wanne, timu moja, msimu mmoja, timu hii hii yako. Akimaliza hapo anarudi nyuma hadi 1966, fainali na Dodgers, tulipowafunga 4 kwa 0 na katika mechi tatu za mwisho Dodgers hawakupata hata pointi. Mbili kati ya hizo tulishinda 1 kwa 0. Ukiwa na mrushaji, pointi moja inakutosha kula ubingwa. Jana mbili hazikutosha hata kuchelewesha aibu.

Sasa naomba nikukumbushe mambo machache, kwa heshima zote.

Mwaka 2018 timu ilipoteza mechi 115, ukaajiriwa mwisho wa mwaka huo. Mwaka 2021 ikapoteza 110. Ukatuomba tuvumilie, unajenga. Tukavumilia. Agosti 2022 ukamuuza Trey Mancini, kipenzi cha mji mzima, kijana aliyeugua saratani akapona akarudi kucheza, na ulipoulizwa ukasema kuanzia hapo timu ni kupaa tu. Na kweli, 2023 ikapaa: mechi 101 tulishinda. Nilinunua jezi nne mwezi mmoja, mke wangu bado ananikumbusha.

Kisha kwenye mtoano wakaja Texas Rangers. Mechi ya kwanza 3 kwa 2. Ya pili mrushaji wetu Grayson Rodriguez alitoka kabla iningi ya 2 haijaisha, tumeshafungwa 5, ikaishia 11 kwa 8. Ya tatu Dean Kremer naye hakumaliza iningi ya 2, ikawa 7 kwa 1. Vijana wale wawili siwalaumu hata kidogo. Nauliza tu Julai ile dirisha lilipokuwa wazi wenzetu walinunua nini, na sisi tulinunua nini. Rangers walichukua warushaji Max Scherzer na Jordan Montgomery. Sisi tulimchukua Jack Flaherty, ambaye kufika mtoano alishahamishiwa akiba. Rangers ndio waliobeba kombe. Huhitaji kompyuta zako zile kulielewa hilo, ingawa naambiwa ni nzuri sana.

Kusema haki, uliposikia kilio ulimleta mrushaji Corbin Burnes mwaka jana. Iningi 194, wastani wa kuruhusu pointi 2.92 kwa kila iningi 9. Ule ulikuwa mwaka ambao nilikuwa na jibu. "Kesho anaanza nani?" Burnes, Babu. Alikuwa anatabasamu na kugeukia ukutani kulala.

Utaniambia kwamba Burnes huyo huyo alirusha iningi 8 dhidi ya Kansas City Royals, akaruhusu pointi moja tu, na bado tukafungwa 1 kwa 0, kesho yake 2 kwa 1, tukatolewa. Kwamba kasoro ilikuwa magongo, yaani wapigaji. Nakubali, magongo yalilala usingizi wa pono. Lakini magongo yale ni ya vijana wa miaka ishirini na kitu, yataamka. Mrushaji akishaondoka ameondoka.

Na akaondoka. Desemba, Arizona, miaka 6, dola milioni 210. Wanasema familia yake inaishi huko, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutaka kulala kwake. Sawa. Lakini mwezi huo huo, katika kundi letu hili hili, New York walimsajili mrushaji Max Fried na Boston wakamtoa mrushaji Crochet kule Chicago. Sisi tukaja kumchukua Charlie Morton Januari, miaka 41, milioni 15. Tomoyuki Sugano, miaka 35, kutoka Yomiuri Giants ya Japani, milioni 13. Na Machi, msimu ukiwa mlangoni, Kyle Gibson, miaka 37, milioni 5.25. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: jumla milioni 33.25 kwa mwaka mmoja. Burnes ni milioni 35 kwa mwaka. Kwa hiyo si kwamba fedha hazikuwepo, Mheshimiwa. Zilikuwepo, zikanunua miaka 113.

Na mimi wazee ndio kazi yangu, nawapenda, wananilisha. Bwana Sugano simgusi, ana nidhamu na mpira wake unakwenda anakoutuma. Bwana Morton ndiyo kabisa: mtu aliyeendelea kurusha kwenye fainali ya 2021 huku mfupa wa mguu umevunjika, utamwambia nini? Ila amezaliwa Novemba 1983, mwezi mmoja baada ya timu hii kuchukua ubingwa kwa mara ya mwisho. Umri wa ukame wetu ndio uliouweka kilimani, pale anaposimama mrushaji, urushe. Mpaka leo ameshindwa mara tano, hajashinda hata moja.

Nina dhana yangu, nayo ni ya mtu wa jukwaa la juu. Naona unawaogopa warushaji. Tangu 2019 chaguo lako la kwanza kwa vijana wapya ni wapigaji watupu: Rutschman, Kjerstad, Cowser, Holliday, Bradfield, Honeycutt. Rodriguez tulimkuta, alichaguliwa na waliokutangulia. Na hofu yako naielewa, kwa sababu kiwiko cha mrushaji ni yai. Bradish na Wells wote walipasuliwa kiwiko mwaka jana. Rodriguez ni majeruhi, Eflin majeruhi, Suárez majeruhi, Rogers majeruhi. Ukipanga kikosi cha warushaji kutoka kitanda cha daktari, kitatufunga sisi tulio wazima. Lakini anayeogopa mayai kuvunjika asifungue banda la chipsi mayai. Wewe umefungua, umebandika na tangazo, na foleni imefika barabarani.

Halafu suala la ukuta, maana hili nikilifikiria nacheka peke yangu kwenye basi. Kabla ya msimu wa 2022 ulisogeza ukuta wa kushoto nyuma na kuuinua, ili mipira isiruke ovyo, warushaji wapumue. Ukafanya kazi. Mwaka huu, mwaka ambao Burnes hayupo, umeusogeza mbele tena. Mtu umefukuza mlinzi, siku hiyo hiyo unapunguza na urefu wa uzio.

Sasa jana.

Ijumaa Kuu nilifanya zamu mbili mfululizo ili nipate kuachiwa Jumamosi usiku. Tulisali misa ya asubuhi, tukaegesha gari mbali ambako ni bure, tukatembea, binti yangu wa miaka 9 akiwa na jezi ya rangi ya chungwa juu ya gauni la Pasaka. Chapati nilizificha kwenye mkoba wa mama yake. Jua zuri. Bwana Morton akaanza, na hakumaliza iningi ya 3. Pointi 7. Alipokuwa anatoka hakuna aliyemzomea karibu nasi, watu walinyamaza tu, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko zomea. Kuanzia hapo akaja huyu, akaja yule, kila anayekuja anatazama juu kwenye ubao wa matokeo kama mtu anayesoma bili ya hospitali.

Mwishoni ikabidi warushe watu ambao kazi yao si kurusha. Mpira ulikuwa unatoka mkononi polepole, unapanda, unashuka, unaweza kuusoma maandishi. Binti yangu akaniuliza: "Baba, huyu si wa kudaka? Mbona anarusha?" Nikamwambia wengine wamechoka. "Wote?" Kabla sijajibu mpira mmoja uliruka ukuta ukaleta pointi nne kwa mpigo. Akavua kofia akaikalia.

Usiku saa tano nikaingia kazini. Mzee alikuwa ameiangalia yote kwenye televisheni, iningi zote 9. Wenzangu wa mchana wanasema alikataa kuzimiwa. Saa nane nikampitia kama kawaida. Alikuwa macho, ameelekea dirishani. Nikamrekebishia mto. Nikangoja. Nikajifanya nakagua glasi ya maji ambayo ilikuwa imejaa.

Hakuniuliza.

Mheshimiwa, nimeanza barua hii nikitaka kuomba mengi. Nilitaka uombe radhi. Nilitaka urudishe ukuta. Nilitaka warushaji wawili kabla ya Julai, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, na kwenye karatasi ya kwanza nilikuwa nimeandika watatu. Nilitaka pia utueleze wale vijana wengi hodari mliowarundika, wanaogombania nafasi moja watatu watatu, mnawawekea nini kama si kuwabadilisha na mtu wa kurusha. Boston walitoa vijana wanne kwa ajili ya Crochet. Inauma, lakini wanaye. Mmiliki mpya tunaye, Bwana Rubenstein, mwana wa mji huu, na timu iliuzwa kwa dola bilioni 1.725, kwa hiyo usiniambie umaskini, umaskini naujua mimi.

Hayo yote nayafuta. Naomba mmoja. Mmoja tu wa kuanza, mwenye mkono mzima, ambaye zamu yake ikifika mji unajua. Povich atakua, Kremer atabeba siku zake, Bradish Mungu akijalia atarudi. Lakini juu yao awepo mmoja. Usingoje Julai. Julai ya 2023 tuliingoja, ikaisha, akaja Flaherty. Msimu una mechi 162, bado hatujamaliza hata Aprili, timu hii bado inaweza. Ndiyo maana nina hasira. Ingekuwa timu mbovu ningekuwa nimelala saa hizi.

Leo naingia tena saa tano usiku. Saa nane nitakuwa kwenye kile chumba cha mwisho. Safari hii nimeamua asiponiuliza nitamwambia mwenyewe, kwa hiyo nahitaji jina. Simu yangu itakuwa imewashwa.

Wako mtiifu, kwa shingo upande,

Mhudumu wa zamu ya usiku,
Jukwaa la juu, Camden Yards.

Nakala:
Bwana David Rubenstein, Mmiliki.
Mzee, chumba cha mwisho kwenye korido (nitamsomea).