Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha mafundi wa tairi, Goma

Ndugu wanachama, kwado wenzangu, yaani mafundi wa tairi, nanyi akina mama mnaouza kandambili za mpira,

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Langu leo ni jambo lililotugawa mwaka mzima, yaani kuchonga upya, kwa kisu cha moto, meno ya tairi zilizokwisha.

Wakati wa mvua, mwanachama mmoja alileta tairi ya teksi aliyouziwa na mchuuzi, ambaye sitamtaja, kama mtumba wa hali ya juu. Meno yake yalikuwa marefu, meusi, yaking'aa. Ubavuni tulisoma tarakimu 1409, maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2009, kisha tukaipasua: kisu cha moto kilikuwa kimechimba hadi kwenye nyaya za chuma za ndani, maji yakaingia, na kutu ikatambaa kiasi kwamba tabaka la juu lilibanduka kwa vidole. Tairi hiyo ilikuwa ibebe abiria barabara ya Sake.

Wapo wanaotetea kwamba kuchonga na kuvalisha mpira mpya ni kazi moja, nami sikubali. Tairi ya lori yenye neno REGROOVABLE ubavuni iliachiwa kiwandani mpira wa ziada wa kuchongwa. Ya gari dogo haina akiba hiyo. Anayevalisha hukagua kwanza gamba, yaani mwili wa tairi, akakwangua uso wa zamani, akabandika mpira mbichi wa kushikisha na ukanda wenye meno, kisha akaipika kwa saa kadhaa chini ya shinikizo, katika joto la nyuzi 100 hadi 150 hivi. Ndege nyingi za abiria hutua juu ya tairi zilizovalishwa hivyo. Sisi hatuna mtambo huo, na kisu cha moto hakishiki nafasi yake.

Tairi iliyokufa nayo ina tabia yake. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliopikwa pamoja na salfa haunati tena juani. Lakini mpira huo pia hauyeyushwi ukamiminwa upya kama plastiki ya chupa, bali huungua. Kwa hiyo hukatwa, husagwa au huchomwa, na wale wenzetu waliochoma ili wapate waya wa kuuza walitufanya tuwaombe radhi majirani kwa moshi ule.

Kukata ndiko kunakotufaa hapa. Mawe ya volkano ya Nyiragongo hupasua mbavu za tairi zikiwa bado na meno mazuri, na ukanda wa juu wa tairi kama hizo ndio watengenezaji wa chukudu, yaani zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanaoutafuta ili kuvika magurudumu ya mbao. Tairi za nyuzi za nailoni hukatika vyema kwa kisu kilicholowa maji ya sabuni. Zile za lori zenye nyaya humaliza visu, na bado hatujapata njia ya kuzishughulikia.

Kamati inapendekeza kwamba mwanachama atakayechonga tairi ya gari dogo au ya pikipiki aondolewe chamani, na kwamba kila tairi mbovu ipasuliwe ubavu siku ileile inapopokelewa, ili isirudi sokoni wala isihifadhi maji ya mbu. Kura itapigwa baada ya mweka hazina kusoma hesabu zake.