Mpwa wangu, usimtwishe Nietzsche vita nzima

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unataka kuandika katika insha yako kwamba Vita Kuu ya 1914 ilizaliwa na Nietzsche, yule mwanafalsafa wa Kijerumani. Naomba usiharakishe.

Ni kweli kitabu chake cha Zarathustra kilichapwa toleo maalumu la askari, nakala zipatazo 150,000, vijana wakaenda nacho kwenye mahandaki. Lakini mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1900, akili ikiwa imempotea tangu 1889, na alipokuwa mzima aliudharau waziwazi uzalendo wa Wajerumani wenzake.

Mimi ningekuelekeza kwenye wazo jingine, lile la kuyachukua maneno ya Darwin kuhusu wanyama na kuyavisha mataifa: taifa lisilokula litaliwa. Jenerali mstaafu Friedrich von Bernhardi aliandika, miaka michache tu kabla ya vita, kwamba vita ni hitaji la kibayolojia. Kule Vienna, mji mkuu wa Austria-Hungaria, mkuu wa majeshi Conrad von Hötzendorf aliamini hivyo hivyo, na ndani ya mwaka 1913 pekee alishauri Serbia ipigwe zaidi ya mara 20. Risasi za Sarajevo, zilizomuua mrithi wa kiti cha Austria mwaka 1914, zilimkuta keshajiandaa moyoni.

Hata hivyo kinachoniuma zaidi ni wasomi. Oktoba 1914, Wajerumani 93 wenye majina makubwa walitia saini tamko kwa ulimwengu uliostaarabika. Mara sita linaanza aya kwa "Si kweli". Si kweli kwamba tumeikosea Ubelgiji, si kweli kwamba tumeutendea unyama mji wa Leuven. Maktaba ya Leuven, mji huo wa Ubelgiji, ilikuwa tayari majivu, imechomwa na askari wa Ujerumani! Kati ya waliotia saini alikuwamo mwanafalsafa Rudolf Eucken, mshindi wa Nobeli ya fasihi, na Max Planck, bingwa wa fizikia. Watu waliofundisha wengine kuhoji ushahidi.

Paris nako hakukuwa salama. Mwanafalsafa Henri Bergson, siku chache tu baada ya vita kuanza, alitangaza kuwa kupigana na Ujerumani ni ustaarabu kupambana na ushenzi. Ushenzi, mpwa wangu: neno lile lile walilokuwa wakitupachika sisi. Na wapagazi wetu, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara wakibebea majeshi ya pande zote mbili, hawakuwahi kumsikia Bergson wala Bernhardi. Jina la kikosi cha waliowabebea Waingereza, Carrier Corps, unalitaja kila ukishuka kituo cha Kariakoo.

Kwa hiyo insha yako ningeianzia Berlin, kwa daktari Georg Nicolai. Aliandika tamko la kulipinga lile la wale 93, akalipitisha kwa wasomi wenzake. Waliokubali kuweka saini zao pamoja naye walikuwa watatu. Mmoja wao Einstein. Mwingine, mwanafalaki Wilhelm Foerster, mzee wa miaka 81, alikuwa ametia saini lile la kwanza.

Mjomba wako.