Tuelezeni kabla ya kuchoma sindano

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu kwamba wafugaji wa huku wanakwepa chanjo kwa sababu ya ushamba imeniuma sana. Ni miaka mingi nasoma gazeti hili na sijawahi kuandika. Mwandishi wenu aliwahoji maofisa, lakini hakumuuliza mfugaji hata mmoja alielezwa nini kabla ng'ombe wake hajachomwa sindano.

Sipingi chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Nimeona ndama wakifa kwa ugonjwa huo, wanahema kwa shida na mapovu yanawatoka puani. Ng'ombe akichanjwa vizuri mara moja, anakingwa miaka mingi. Lakini chanjo hii ina mambo yake. Ilitengenezwa kwa utafiti wa Muguga, Kenya, na ndani yake mna vimelea hai vya ndigana yenyewe, vilivyotolewa kwenye kupe waliosagwa. Ng'ombe anaambukizwa kwa makusudi, na papo hapo anachomwa sindano ya pili, ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa usimzidi nguvu. Kwa hiyo mnyama anayechanjwa awe mzima, na baadaye aangaliwe kwa wiki kadhaa, maana wako wanaopanda homa na kuhitaji tiba.

Haya yote niliyajua baada ya mtamba wangu kufa. Wachanjaji walipofika kijijini kwetu tuliambiwa neno moja tu: shikeni ng'ombe. Mtamba alikuwa ndiyo kwanza anapata nafuu baada ya kuugua, mbavu zinahesabika, na hakuna aliyeniuliza habari zake. Nilipouliza mimi ile sindano ya pili ni ya nini, nikajibiwa, "Mama, tuna haraka, dawa itaharibika." Sababu ya haraka naifahamu sasa: chanjo inahifadhiwa ikiwa imegandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali, mrija mmoja unatosha ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa lazima utumike saa hizo hizo. Basi mngetuita jana yake, mkatueleza chini ya mti, kila mtu akaamua amlete ng'ombe yupi na amwache yupi! Tezi zilipovimba na homa kupanda, nilimpigia simu yule aliyechoma. Akasema hiyo huwa inatokea. Kama huwa inatokea, kwa nini hakuisema wakati anapokea pesa yangu? Na jirani yangu, ambaye hakuchanja, naye alistahili kujua kwamba ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea, kupe wakavichukua hadi kwa ndama wake.

Najua Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali uwezo wa kuamuru chanjo. Lakini hii tulilipia wenyewe, na hata penye amri, kueleza hakukatazwi.

Na maziwa je? Ng'ombe akitibiwa kiwele, dawa inaingia kwenye maziwa, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla hayajauzwa. Siku hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafuta na miwani, na duka la pembejeo linamuuzia yeyote mwenye pesa. Maziwa ya namna hiyo hugoma hata kuganda mtindi. Wako watu ambao penisilini, moja ya dawa hizo, inawadhuru, na wanaipata kwenye chai bila kuulizwa.

Ninachoomba ni daftari la nakala mbili, karatasi nyeupe na ya njano, kwa Kiswahili, kwenye mkoba wa kila daktari na kila ofisa mifugo. Liandikwe jina la dawa, kazi yake, madhara yanayoweza kutokea, siku za kutouza maziwa, na namba ya simu itakayopokelewa usiku. Mfugaji atie saini kabla sindano haijavuta dawa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya jirani, na karatasi ya njano ibaki kwake.

Mama mfugaji,
Arumeru